Keki Haibonyei Motoni, Hubonyea Bakulini

Swali ni lile lile, sura tu ndiyo hubadilika. Msomaji wa Makorora anataka kujua kwa nini mkate wake wa mayai huumuka vizuri, halafu ukishaepuliwa unazama katikati. Wa Pangani anasema wake hauumuki kabisa: juu umekauka, chini una tabaka la manjano, zito, la kunata. Wa Muheza ameshabadili unga, amebadili jiko, sasa anauliza aongeze beking pauda vijiko vingapi.

Usiongeze. Wote watatu wanaulaumu moto au unga, lakini ukiwahoji walivyofanya tangu yai la kwanza, unakuta keki ilishaharibika dakika 20 kabla haijaona moto. Keki nyepesi ya mayai ni povu lililogandishwa. Povu likiwa bovu, hakuna oveni ya kuliponya.

Povu linavyofanya kazi, kwa kifupi

Ute wa yai ni maji kwa kiasi cha asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini. Ukiuchapa unaingiza hewa, na papo hapo unazikunjua protini zilizokuwa zimejikunja. Zikikunjuka hushikana na kukizungushia kila kiputo cha hewa ukuta mwembamba. Motoni hewa ile hutanuka, keki ikapanda. Kisha protini na wanga wa unga huganda, na kilichopanda kikabaki juu.

Nadharia inatosha hapo. Kwa mpishi maana yake ni kwamba kila unachofanya jikoni ama kinajenga viputo, ama kinavilinda, ama kinavipasua. Mkate wa mayai wa asili hauna hamira wala pauda. Pauda yenyewe ni ya juzi: Alfred Bird aliibuni mjini Birmingham mwaka 1843, na wakati huo Wareno walikuwa na pão de ló yao, Wajapani wa Nagasaki wana kasutera waliyojifunza kwa Wareno hao, zote zikiinuliwa kwa mayai matupu.

Anza na chombo, usianze na yai

Adui mkubwa wa povu la ute ni mafuta, na jikoni kwetu mafuta yako kila mahali. Bakuli lililochujiwa tui jana, ukaliosha kwa maji ya baridi na kuliona safi, bado lina utando. Siku za kaskazi huuoni, kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi na mchana wa Januari mjini Tanga hupita hapo kwa mbali. Ngoja asubuhi ya Julai, kusi ikivuma, upitishe kidole ndani ya bakuli hilo hilo: utauhisi ule utelezi mzito.

Kwa hiyo:

- Tumia bakuli la stenlesi, kioo au enameli.
- La plastiki liache kwa kachumbari. Michubuko yake midogo hushika mafuta ambayo sabuni haiyafikii.
- Usichapie ute kwenye sufuria ya alumini, utageuka kijivu. Kuokea kwenye alumini hakuna neno.
- Osha bakuli na mchapo kwa maji moto na sabuni, suuza, kausha, kisha pangusa ndani kwa kipande cha ndimu.
- Mwiko wa mbao unaopikia mchuzi, kifumbu na kitambaa cha jikoni visikaribie. Mbao na nyuzi hunywa mafuta na kuyatoa pasipotakiwa.
- Umetoka kukuna nazi? Nawa mikono kwa sabuni mpaka juu ya viganja.

Hapo wengi huniuliza: mbona mkate wa mayai hupigwa pamoja na kiini, na kiini nacho kina mafuta? Swali zuri. Mafuta ya kiini yamefungwa pamoja na protini zake zenyewe, na yai zima likipigwa pamoja na sukari hutoa povu la aina nyingine: zito, la krimu, linalochelewa kuja na lisilosimama wima hata ulipige mpaka kesho. Hilo ni sawa. Tone la kiini ndani ya ute uliotaka kuupiga peke yake ni balaa, na tone la samli au tui ni balaa kwa povu lolote.

Mayai gani, na mangapi

Mapishi yakisema "mayai 6" yanakusudia mayai ya kisasa, ambayo bila ganda hufika gramu 50 hivi kila moja. Ya kienyeji mengi huwa gramu 35 mpaka 40. Ukivunja 6 ya kienyeji kwa unga ule ule, umepunguza povu kwa robo hivi, halafu unashangaa keki kuwa nzito. Mimi mayai ya kienyeji nayapenda kwa rangi na ladha, lakini napima. Lenga gramu 300 bila maganda. Huna mizani, jaza kikombe cha mililita 250 kisha ongeza vijiko 3 vya chakula.

Upya wa yai nao una lake. Litie kwenye maji. Likilala chini, ni jipya. Likisimama kwa ncha, ni la zamani kidogo, linafaa kwa maandazi. Likielea, tupa. Yai lililozeeka lina ute mwepesi unaotoa povu upesi na jingi, ndiyo maana wapo wanaolisifu, lakini povu hilo hutoka maji haraka. Jipya huchelewa kuumuka na hudumu. Kumbuka kwamba trei iliyokaa juani mbele ya duka huzeeka zaidi kwa siku chache kuliko iliyokaa friji kwa wiki.

Mengine ya kushika:

- Kutenganisha ute na kiini ni rahisi yai likiwa baridi. Kuchapa ni rahisi likiwa na joto la chumba. Tenganisha kwanza, subiri nusu saa, ndipo uchape.
- Vunja kila yai kwenye kikombe kidogo kabla ya kulimimina kwenye bakuli kubwa. Yai viza moja linaharibu matano mazima.
- Kiini kikipasukia kwenye ute, usihangaike kukichota chote. Weka ute huo wa kukaanga kesho, chukua mwingine.

Mkate wa mayai, hatua kwa hatua

Kwa chombo cha sentimita 22 hivi:

- mayai gramu 300 bila maganda
- sukari gramu 180 (kikombe kimoja kasoro kidogo)
- unga wa ngano gramu 180 (kikombe kimoja na nusu, usioshindiliwa)
- iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai. Ya Amani ukiipata, kajiko kasichojaa kanatosha
- ganda la ndimu moja lililokwaruzwa, ile sehemu ya kijani tu
- chumvi kidogo sana

1. Washa moto kwanza. Usiseme "nitauwasha nikichanganya unga." Povu halisubiri makaa yakolee.

2. Saga sukari. Sukari yetu ya dukani ina chenga kubwa, na chenga isiyoyeyuka huzama, ikayeyukia motoni na kuacha madoa ya kunata juu ya keki. Zungusha kwenye blenda sekunde 20, isiwe vumbi, iwe kama mchanga laini.

3. Tia mayai, sukari na chumvi kwenye bakuli. Asubuhi ya baridi, weka bakuli juu ya maji ya moto yasiyochemka huku ukikoroga, mpaka mchanganyiko uwe vuguvugu kidoleni. Siku za kaskazi hatua hii iruke.

4. Piga kwa mashine, kasi ya juu. Hapa tazama, usitegemee saa pekee. Dakika za mwanzo kuna mapovu makubwa ya njano na sauti ya majimaji. Dakika ya 4 au 5 rangi inapauka, kiasi kimeongezeka mara mbili, na hapo ndipo wengi huzima mashine. Hapo si mwisho, ni nusu ya njia. Endelea. Baada ya dakika 8 mpaka 12 povu ni jeupe lenye umanjano wa mbali, limefika mara tatu ya lilivyoanza, sauti ya mashine imekuwa nzito, na waya zinaacha mifereji isiyofunga. Nyanyua mchapo, acha kinachodondoka kiandike herufi juu ya bakuli. Hesabu moja mpaka kumi bila haraka. Herufi ikisomeka bado, umefika. Ikizama kwenye nne, rudi kazini.

5. Chukua tone, lisugue kati ya vidole viwili. Ukisikia chenga, sukari haijayeyuka. Ongeza dakika mbili.

6. Punguza kasi mpaka ya chini kabisa, piga dakika 2 zaidi. Mapovu makubwa hupasuka, yakabaki madogo yanayolingana, na keki ikikatwa haitakuwa na mashimo.

Bila umeme? Inawezekana, bibi zetu walifanya hivyo. Tenga dakika 25 au 30 kwa mchapo wa waya, tafuta wa kupokezana naye, na usipumzike katikati.

Unga: hapa ndipo keki nyingi zinapofia

Povu zuri kabisa, lililogharimu dakika 12, linaweza kuuawa na dakika moja ya unga. Angalia mkono wa mtu anayekoroga keki kama uji, mizunguko ya haraka kando ya bakuli: kila mzunguko unapasua mamia ya viputo. Halafu unga unaomwagwa wote kwa mkupuo huzama chini kabla hujaufikia, na lile tabaka zito la manjano la msomaji wangu wa Pangani mara nyingi ni hilo, povu lililoloweshwa na unga uliokaa chini.

Fanya hivi:

- Chekecha unga na iliki mara 2. Kwa unyevunyevu wa pwani, hasa wakati wa masika, unga hushikana ndani ya mfuko hata ukiwa mpya.
- Nyunyiza theluthi moja juu ya povu kwa chekecheke, usimwage.
- Kwa mwiko wa mpira, kata katikati mpaka chini, kwaruza sakafu ya bakuli, pandisha juu na kugeuza; mkono wa kushoto unazungusha bakuli. Mikato 12 hadi 15, kisha theluthi ya pili, kisha ya tatu pamoja na ganda la ndimu.
- Unga usipoonekana tena, acha. Usiongeze mikato miwili "ya uhakika."
- Mashine hairudi bakulini baada ya unga kuingia.

Unga wa chapati una protini nyingi za ngano, na zenyewe ukizikoroga huvutana, keki ikawa ya kutafuna. Kama ndio ulionao, toa vijiko 3 vya chakula na weka konflawa mahali pake.

Mimina ukiwa karibu na chombo, usimimine kutoka juu. Gonga chombo mezani mara moja. Peleka motoni sasa hivi, simu ikilia iache ilie.

Moto

Oveni: nyuzi 175, dakika 30 mpaka 35, rafu ya katikati. Usifungue kabla ya dakika 25. Protini kuu ya ute huganda karibu na nyuzi 80, sukari huisogeza juu zaidi, na katikati ya keki ndiko joto hufika mwisho. Ukifungua dakika ya 15 "kuangalia tu", kingo zimeshaganda na katikati bado ni povu. Hewa baridi ikiingia, katikati inashuka na hairudi.

Kwa makaa, ambayo mimi nayapenda kwa ile rangi ya juu:

- Weka mchanga mkavu, uliochekechwa, kina cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa nzito. Usichote wa ufukweni: una chumvi, na chumvi inakula alumini. Chombo cha keki kikae juu ya mchanga.
- Pasha moto na mfuniko wake dakika 20 kabla ya keki kuingia.
- Chini theluthi moja ya makaa, juu ya mfuniko theluthi mbili. Wengi hugeuza hesabu hii, keki ikaungua makalio na juu ikabaki mbichi.
- Kupima joto: weka kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria. Ukigeuka rangi ya dhahabu ndani ya dakika 5, moto ni wa wastani, ingiza keki. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza.
- Palia kwa makaa yaliyokwisha kukolea. Vifuu hutoa moto mkali, viweke vichache. Makumbi usiyaguse, moshi wake huingia kwenye keki, na mgeni wa kwanza kuonja atauliza kama ni samaki.

Imeiva pale kingo zinapoachia chombo, kijiti kikitoka kikavu, na ukiibonyeza juu kwa kidole inarudi. Ukiepua, kidondoshe chombo mezani mara moja kutoka kimo cha shubiri. Waokaji wa Japani hufanya hivi: mvuke wa moto hutoka kwa ghafla na keki haisinyai inapopoa. Mara ya kwanza utaogopa.

Ute mbali, kiini mbali: keki ya tui

Wapo wanaotaka keki nyepesi iliyo na unyevu, na pwani unyevu maana yake ni tui. Tui lina mafuta mengi, na mafuta nimeshasema ni sumu kwa povu. Ufumbuzi ni kulifungia upande wa viini. Njia hii ya mafuta na povu aliibuni Harry Baker, wakala wa bima wa Los Angeles, mwaka 1927. Aliificha miaka 20 mpaka kampuni ya General Mills ilipoinunua mwaka 1947. Yeye alitumia mafuta ya mimea na maji. Sisi tunaweka tui mahali pa maji.

Bakuli la kwanza: viini 6, sukari gramu 50, mafuta ya kupikia mililita 50, tui zito mililita 90, unga gramu 130, chumvi kidogo, iliki. Koroga mpaka ulainike, basi.

Bakuli la pili, safi kabisa: ute wa mayai 6, ndimu kijiko kimoja cha chai, sukari laini gramu 100.

- Chapa ute na ndimu kwa kasi ya wastani mpaka mapovu yawe madogo na meupe, ndipo uongeze sukari kwa mafungu matatu. Ukiitia yote mwanzoni, utachapa mpaka mkono ufe ganzi. Ukiitia mwishoni kabisa, haiyeyuki.
- Acha pale ncha inaposimama huku kichwa chake kikiinama kidogo, na povu bado linang'aa.
- Usitie chumvi kwenye ute. Mapishi mengi yanaiagiza "isaidie kuumuka", lakini hudhoofisha povu. Ndimu ndiyo inayolishikilia.
- Changanya theluthi ya povu kwenye bakuli la viini bila huruma, ili lile zito lilegee. Mengine yaliyobaki changanya kwa mikato ya upole.
- Chombo kirefu, ikiwezekana chenye bomba katikati, kisichopakwa mafuta. Povu hili hupanda kwa kushika kuta. Ukipaka samli litateleza na kushuka.
- Nyuzi 160, dakika 45 mpaka 50. Ikiiva, kigeuze chombo juu chini, kichwa chake kikiegemea chupa au vikombe viwili, mpaka ipoe kabisa. Ikipoa imesimama, uzito wake wenyewe unaikandamiza.

Neno kuhusu kipimo kinachopendwa sana, kile cha kugeuza bakuli juu ya kichwa kuona kama povu litaanguka. Kinachekesha watoto, lakini hakisemi kitu. Povu lililopitiliza nalo halianguki. Dalili za kupitiliza ni nyingine: mng'ao umepotea, kuna vidonge vidonge kama pamba, na maji yanakusanyika chini ya bakuli. Ukifika hapo ongeza ute wa yai moja, chapa kwa mkono kidogo. Mara nyingi hurudi, si kila mara.

"Lakini..."

*Lakini bibi yangu hakupima chochote.* Alipima kwa jicho, kwa bakuli lile lile, kwa mayai ya kuku wale wale, miaka 40. Wewe mayai yako wiki hii ni ya duka hili, wiki ijayo ya soko la Mgandini. Pima.

*Lakini keki yangu hunuka yai.* Mara nyingi haikuiva katikati, au imeiva kupita kiasi. Iliki na ganda la ndimu husaidia. Vanila nyingi haisaidii, unapata harufu mbili. Ikatwe ikishapoa kabisa.

*Nina sufuria ya shaba ya urithi.* Shaba nyekundu kweli hushikilia povu la ute, na Harold McGee na wenzake waliandika juu yake katika jarida la Nature mwaka 1984. Lakini angalia ndani. Sufuria za zamani za kupikia kwa kawaida zimepakwa bati, na bati halina faida hiyo. Kama shaba iko wazi, usitie ndimu ndani yake.

*Nataka kutia siagi kwenye mkate wa mayai.* Gramu 40, iliyoyeyushwa, vuguvugu. Ichanganye kwanza na miko miwili ya mchanganyiko wako pembeni, kisha rudisha. Ukiimimina peke yake inazama moja kwa moja.

*Kuna asiyekula mayai nyumbani.* Maji yaliyochemshiwa dengu huchapika yakawa povu jeupe. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyelitangaza hilo mwaka 2014. Kwa urembo wa juu linafaa. Kwa keki lisitegemewe peke yake, kwa kuwa haligandi motoni kama yai.

*Na krimu ya ute mbichi ya kupambia?* Siishauri, kwa joto letu na keki inayokaa mezani tangu asubuhi. Chemsha shira ya sukari mpaka tone lake kwenye maji baridi lifanye kidonge laini, halafu imimine kidogo kidogo kwenye ute unaochapwa. Krimu hiyo hustahimili jua la harusi kuliko ya majarini.

Oda za Idi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mnafanya biashara, na wiki ya mwisho ya Ramadhani ndiyo inayoharibu majina ya watu.

Kosa ni moja: mpishi ana oda 8 na jiko moja, anapiga mayai 48 kwa pamoja "kuokoa muda". Keki ya kwanza inatoka juu, ya pili inaridhisha, ya tatu ni chapati. Wateja wa kwanza wanasifu, wa mwisho hawarudi, na mwenye biashara anasema alirogwa. Povu halikai. Maji yake huteremka taratibu kutoka kwenye kuta za viputo, kuta zinakonda, viputo vidogo vinajiunga na vikubwa. Povu la mayai na sukari lisilo na unga linastahimili dakika 10 hivi. Lililokwisha tiwa unga halistahimili hata hizo.

Panga kazi hivi:

1. Usiku: pima unga na iliki za kila keki, funga kwenye mifuko yake mbalimbali. Saga sukari yote, ifunge vizuri, maana hewa ya usiku huifanya igande. Kata karatasi za kuweka chini ya vyombo.
2. Alfajiri: osha mabakuli mawili na michapo, pangusa kwa ndimu.
3. Piga mayai ya keki moja tu, au mbili kama oveni inabeba mbili kwa rafu moja.
4. Keki ya kwanza ikifikisha dakika 20 motoni, ndipo uanze kupiga ya pili. Mahesabu yako yawe dakika 40 kwa zamu moja, na oda uzipokee kwa hesabu hiyo, si kwa huruma.
5. Kati ya zamu, osha bakuli upya. Masalia ya unga na kiini ni uchafu kwa povu linalofuata.
6. Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati, endelea kwa mkono papo hapo. Ukikatika keki ikiwa kwenye oveni ya umeme, usifungue mlango. Joto lililomo linaweza kuimalizia kama ilikuwa imebakiza dakika 10.

Kupeleka: keki hizi zisifunikwe zikiwa na moto, mvuke utazilowesha juu. Na bodaboda ya kwenda Pangani si rafiki wa keki changa. Ipoe saa 2, ndipo isafiri, ndani ya boksi linaloibana isiteleze.

Soma dalili

- *Imezama katikati:* haijaiva, au mlango ulifunguliwa, au sukari nyingi mno.
- *Nzito, fupi, viputo vidogo sana:* hukupiga vya kutosha, au unga uliukoroga kupita kiasi.
- *Imepasuka juu kwa mlima:* moto mkali. Ganda liliganda kabla ya tumbo kupanda.
- *Mashimo makubwa:* hukumalizia kwa kasi ya chini, hukugonga chombo.
- *Imesinyaa kando:* chombo kilipakwa mafuta mengi, au imekaushwa motoni.
- *Juu inanata kesho yake:* ni unyevu wa hewa. Ihifadhi kwenye kopo linalobana, na usiipeleke friji.

Ukiwa Lushoto

Kila Desemba hupata malalamiko kutoka kwa watu waliopanda milimani kwa likizo na vipimo vya pwani. Keki iliyotulia Raskazone inafura Lushoto, inagusa mfuniko, halafu inaanguka. Mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, viputo hutanuka zaidi kabla protini hazijaganda, na kuta zao zinapasuka.

Ukiwa huko:

- Piga kidogo kuliko kawaida. Herufi isomeke mpaka tano, si kumi. Ute uishie kwenye ncha iliyoinama kabisa.
- Punguza sukari kijiko kimoja au viwili vya chakula.
- Ongeza moto nyuzi 10, ili iwahi kuganda.
- Jaza chombo nusu tu.
- Asubuhi kule ni baridi kweli, kwa hiyo ile hatua ya kupasha mayai juu ya maji ya moto usiiruke hata mwezi wa Desemba.